Mwisho Saa Kumi

Siku niliyomkimbia mume wangu, nilimkimbia kwa mashua anayoiendesha yeye mwenyewe. Cheka tu, hutakuwa wa kwanza. Lakini niambie, ningepita wapi? Ulikuwa mwaka wa sabini na tano, masika, lori la ushirika limekwama kwenye tope wiki nzima, na kutoka kijijini kwetu, ufukoni mwa Muleba, hadi Bukoba mjini hapakuwa na chombo kingine ila Jitegemee, mashua ya kijiji cha ujamaa. Na mtu pekee aliyejua kuiendesha Jitegemee alikuwa Karugendo, mume wangu wa ndoa ya kanisani.

Basi nikafunga mzigo wangu. Kanga, blanketi, sufuria zangu mbili, na picha ya Bikira Maria niliyopewa na mama. Mtu anayekwenda kutembea habebi sufuria, na mwanamke yeyote wa Kihaya akiziona anajua kuna nini. Sisi tunaita kunoba, mke kumwacha mume na kurudi kwao. Ndoa ya kanisani haivunjwi, najua, padri alitufundisha vizuri. Lakini hakuna amri ya Mungu inayomkataza mtu kwenda kwa mama yake, kule Kashozi mbele ya Bukoba, na kukaa huko miaka ishirini.

Na sikutoroka. Mlangoni nilimwambia waziwazi, "Baba Jovita, mimi naenda kwetu. Sirudi." Alikuwa ameinama, amenipa mgongo, anafunga kamba za viatu. Hakugeuka. Aliponyanyuka na kuniona na mzigo akatabasamu, akauchukua begani, tukashuka ufukoni, yeye mbele mimi nyuma. Akauweka mahali pakavu karibu na boksi la injini, akapangusa ubao kwa kiganja ili nikae. Mawe, mama yangu! Angenipiga kofi ningemwelewa. Lakini kubebewa mzigo na mtu unayemkimbia, hiyo ni dharau ya namna gani?

Ngoja nikwambie alivyokuwa. Karugendo si mtu mbaya. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, anakunywa kidogo, mkono wake ni mwepesi kwa kazi na mzito kwa kupiga. Kosa lake lilikuwa moja tu. Kwa mwaka mzima ule aliacha kunijibu. Namwita nikiwa jikoni, yeye yuko uani, kimya. Namwuliza, "Leo nipike ndizi au viazi?" Ananitazama, anatabasamu, anasema, "Ndiyo." Ndiyo nini? Ndizi au viazi? "Ndiyo, Mama Jovita." Nikasema, hiki ni kiburi. Tangu kijiji kilipomkabidhi injini na kofia, bwana amekuwa mkubwa, hajibu maswali ya jikoni. Jovita, binti yetu, alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo nyumba ilikuwa na watu wawili, mmoja anasema na mwingine anatabasamu. Nami nikazoea kumtukana akiwa amenipa mgongo. Gogo wewe. Kinyago. Mbuzi wa mnada. Hakuwahi kujibu hata tusi, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonishinda ni habari ya Verdiana. Verdiana alikuwa dada yangu, aliolewa Ijumbi, na ndiye aliyenikutanisha na Karugendo. Mwezi wa pili mwaka ule mtu alikuja kwa baiskeli kuniambia kwamba amefariki kwa homa. Nilikimbia hadi ufukoni mikono kichwani. Karugendo alikuwa amepiga magoti juu ya injini, anasafisha nozeli kwa mafuta ya taa. Nikasimama nyuma yake nikasema, "Baba Jovita, Verdiana amekufa." Hakuinua kichwa. Alipunga tu mkono wenye spana, akasema, "Vizuri, vizuri, nakuja."

Vizuri.

Alipofika nyumbani akakuta watu wameketi chini, yule mtu wa baiskeli akamshika mikono na kumweleza upya, uso kwa uso, ndipo akaanguka na kulia. Msibani alilia kuliko wanaume wote. Nikayatazama machozi yale nikasema moyoni, mnafiki mkubwa we, unawalilia watu. Tangu siku hiyo sikumchukia kwa kelele tena. Nilimchukia kimyakimya, nikawa nangoja siku ya kuondoka.

Sasa nikwambie habari ya saa, maana bila saa usingekuwa unanisikiliza.

Msimu uliotangulia injini ya Jitegemee ilikufa. Ni injini ndogo ya dizeli, silinda mbili, ya zamani, ya kwenda polepole na kwenda siku nyingi ukiwa na adabu nayo. Ilikimbizwa kupita uwezo wake, pistoni zikaungua, tukakaa miezi mitatu tukiitazama mashua yetu imelala mchangani. Ilipofufuliwa, wakubwa wakatuambia kwamba ikifa tena, Jitegemee itapelekwa kijiji kingine. Baada ya hapo siku moja akashuka Fundi Lukmani kutoka Bukoba, mtu wa Bilele, fundi wa injini za mashua, mpole, mwenye kilemba cheupe ambacho sijui alikilindaje na grisi. Alikuja na boksi. Ndani ya boksi mlikuwa na saa.

Yeye aliiita geji ya mizunguko. Alisema kazi yake ni kuonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika moja, ili mwendeshaji asiikimbize. Lakini kwetu kitu cha mviringo chenye kioo na sindano ndani ni saa, na hii hata ukiitazama ilikuwa saa tupu. Namba zake zilikuwa moja mpaka kumi na mbili, kumi na mbili juu, sita chini. Nilikuwepo siku hiyo kwa sababu nilipeleka chai, na nikabaki kwa sababu ni kazi nzuri kuitazama. Ubavuni mwa injini kulikuwa na kifuniko kidogo. Lukmani akakifungua, ndani ikaonekana ncha ya shafti. Pale akafunga kigia kidogo kama kifungo cha koti, na kwenye kigia akachomeka waya mrefu unaozunguka ndani ya ganda lake, kama ule wa spidi ya pikipiki. "Huu usiukunje hata siku moja," akasema, "ukiukunja umeukata." Akaupitisha taratibu kando ya tangi la mafuta hadi kwenye kibao cha mninga mbele ya usukani. Nyuma ya saa akaweka kipande cha tyubu ya baiskeli ili mtikisiko usiitie wazimu sindano, halafu skrubu tatu. Mwisho akachora alama ya chaki kwenye gurudumu zito la injini, akalizungusha kwa mkono. "Gurudumu mara mbili, waya mara moja. Ndivyo ilivyo. Kuzidisha ni kazi ya saa, si yetu."

Injini ikawashwa. Sindano ikaruka, ikacheza kidogo, ikatulia. Watoto wakapiga makofi. Wanawake waliokuwa wanafua wakaniita, "Mama Jovita, bahati yako! Injini ina saa, sasa bwana atajua saa ya kurudi nyumbani!" Nikawajibu kwamba mume wangu hata akimeza saa hatajua.

Lukmani akamweleza Karugendo, nami nilikuja kuyajua baadaye sana, kwamba kila namba ni mamia, nane ni mia nane, tisa ni mia tisa, safari nzuri ni hapo katikati, na kumi, yaani elfu moja, ndio mwisho. Alieleza akiwa ameinama, anakusanya spana zake. Karugendo akatabasamu. "Ndiyo," akasema. "Niandikie." Lukmani, ambaye mtumbwi wa kumrudisha ulikuwa umeshaanza kumpigia kelele, akaandika haraka kwenye karatasi ya pakiti ya sigara: SAA YA INJINI. MWISHO KUMI. Akapanda mtumbwi akaenda zake.

Karatasi ile ilifika mikononi mwa Ndugu Kagaruki, mwenyekiti wetu wa kijiji. Ndugu Kagaruki alikuwa mtu pekee pale kwetu mwenye saa ya mkononi, na akikusalimu aliinua mkono juu kidogo ili shati lishuke uione. Mambo ya saa yalikuwa mambo yake. Akasimama mbele ya watu, akasoma kwa sauti, "Saa ya injini, mwisho saa kumi." Kisha akawageukia watoto wa shule, "Saa kumi iko wapi?"

"Kwenye nneee!" watoto wakaitikia.

Na walisema kweli. Mtoto wa darasa la pili anajua. Sindano ikiwa kwenye saba ni saa moja, ikiwa kwenye nne ni saa kumi. Nani anaisoma saa vingine? Ndugu Kagaruki akaagiza iletwe rangi nyekundu iliyobaki kupaka kibao cha shule, akapiga mstari juu ya kioo, palepale kwenye nne. "Hapa! Ndugu Karugendo, sindano ikivuka mstari huu, mashua inahamia kijiji kingine, na mimi na wewe tunajificha migombani."

"Ndiyo," akasema mume wangu.

Nami nilikuwepo, nikatikisa kichwa kukubali. Kijiji kizima kilitikisa kichwa.

Sasa safari ya kwanza na saa mpya ndiyo safari yangu ya kunoba. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nasema tuliondoka kwa heshima tu. Saa moja baadaye bado nilikuwa naliona paa la nyumba yangu, na kamba ya nguo, na gauni nililosahau kulianua. Sijui kama umewahi kuaga nyumba kwa machozi halafu nyumba ikakataa kwenda. Nililia robo saa, machozi yakaisha, nyumba bado ipo.

Abiria tulikuwa kumi na wawili, pamoja na magunia ya kahawa na mikungu ya ndizi. Ndugu Kagaruki alikaa mbele, amevaa suti, ana mkutano Bukoba saa tano. Bibi Kokubanza alikaa katikati na kuku wawili kwenye tenga. Mimi nilikaa nyuma na mzigo wangu, hatua mbili kutoka mgongo wa mume wangu, nimeugeuzia kisogo.

Kwa kawaida saa nne tunafika. Saa nne tulikuwa hatujafika hata nusu. Mtumbwi wa wavuvi wanne ukatupita, wanapiga kasia huku wanaongea.

"Mmeharibikiwa?" mmoja akauliza.

"Hatujaharibikiwa!" akajibu Ndugu Kagaruki. "Huu ni mwendo wa kitaalamu!"

Wakaenda. Wakavuta nyavu zao, wakageuza, wakatukuta tena. "Wazee, bado mko na utaalamu?"

"Waitu, mwenyekiti wetu," Bibi Kokubanza akasema, "kuku wangu huyu anataka kutaga. Nikifika Bukoba nitakuwa na vifaranga."

"Bibi, wewe hujui mashine. Tazama sindano. Iko saa kumi kamili. Tukizidisha hapo tumeiua."

"Mimi naijua mikono yangu. Nipe kasia."

Watu wakacheka, hata mimi nilicheka, na nilijichukia kwa kucheka, maana nilikuwa nimejiandaa kwa huzuni. Saa sita ikafika. Ndugu Kagaruki akaacha kuinua mkono wake wa saa, akauficha mfukoni.

Ndipo nikaanza kuisikiliza injini. Tu. Tu. Tu. Tu. Ilikuwa inakoroma kama mzee aliyeshiba. Mimi ni mwanamke wa jikoni, sijawahi kushika spana, lakini nimelala miaka kumi na minane na mtu wa injini, na niliisikia wazi kwamba ile haikuwa inafanya kazi, ilikuwa inasinzia. Nikasema, Karugendo anafanya nini? Maana yule mtu zamani alikuwa na masikio ya popo. Tuko kanisani, juu kilimani, padri anahubiri, mashua inapita ziwani kule chini, mume wangu ananinong'oneza, "Silinda ya pili haichomi vizuri." Akiugua na mwingine akaiwasha Jitegemee, alikuwa anajua akiwa kitandani kwamba mtu amesahau kufungua maji ya kupoza. Na mtu huyo sasa ameketi juu ya injini inayosinzia, anatumbulia macho mstari mwekundu kama mtu anayechunga maziwa jikoni.

Nikageuka nikamtazama. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili nilimtazama vizuri.

"Baba Jovita," nikasema. Mgongo.

"Baba Jovita!" Kwa sauti. Mgongo.

Na injini ile kwa kuwa ilikuwa inanong'ona, mashua nzima ilinisikia. Nikavuta pumzi nikasema jambo ambalo mke wa Kihaya hasemi mbele za watu hata akiwa ameshikwa na homa. "Karugendo! Mbuzi we!"

Bibi Kokubanza akaziba mdomo. Ndugu Kagaruki akageuka mzimamzima. Kuku wenyewe walinyamaza. Na mume wangu hakutikisa hata sikio. Nikachukua kifuniko cha sufuria nikakipiga juu ya ubao alioketi. Hapo akashtuka, akaugusa ubao kwa mkono kwanza, kisha akageuka, akaniona, akatabasamu. Tabasamu lilelile la ndizi au viazi.

Mungu wangu. Hakuwa na kiburi. Hakuwa gogo wala kinyago. Mtu yule alikuwa hasikii. Nikaukumbuka mwaka mzima, mwito baada ya mwito, swali baada ya swali, mgongo baada ya mgongo. Nikamkumbuka amepiga magoti juu ya nozeli, anapunga spana, anasema vizuri, vizuri, nakuja, akidhani namwita chakula. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na hapo hapo nilimwonea huruma nikataka kumpiga.

"Mama Jovita," akasema Ndugu Kagaruki polepole, macho yamemtoka. "Mbona hakujibu? Hajasikia?"

Watu wote wakanitazama. Ningesema neno moja tu, Karugendo angevuliwa kofia kabla hatujagusa gati. Nani angemwachia kiziwi roho za watu kumi na wawili? Nami nilikuwa naenda zangu kwetu, sufuria zangu ziko miguuni pangu, ya Muleba yananihusu nini?

"Kusikia amesikia," nikasema. "Amenuna. Tumegombana toka jana. Na wewe mwenyekiti, mambo ya chumbani kwa watu unayatafutia mkutano?"

Wakacheka. Bibi Kokubanza akanihurumia kwa kutikisa kichwa, akasema wanaume wakinuna ni kama mwaka wa njaa, unapita. Ndugu Kagaruki akageukia mbele. Mimi nikabaki nikimtazama mume wangu shingoni, mpaka kisiwa cha Musira kikaonekana, mpaka kikakua, mpaka Bukoba. Sikulia. Nilikuwa nafikiri.

Tulifika saa tisa alasiri. Fundi Lukmani alikuwa kwenye gati tangu asubuhi, kilemba kimepinda. "Nilidhani mmezama!" Akaruka ndani, akaenda moja kwa moja kwenye saa yake, akainama. "Nani amepaka rangi hapa?"

"Mimi," akasema Ndugu Kagaruki, mwenye suti, aliyekosa mkutano. "Kwa maagizo yako. Mwisho saa kumi."

"Mwisho kumi!"

"Ndiyo. Saa kumi."

"Kumi, mzee wangu, kumi! Si saa kumi! Ile pale, kumi, imeandikwa kumi!"

"Pale ni saa nne."

Lukmani akamtazama, akaitazama saa, akatutazama sisi sote, akakaa juu ya gunia la kahawa na kucheka mpaka kilemba kikamwanguka. "Wallahi mmekuja kutoka Muleba kwa mia nne! Mia nne ni ya kupashia moto injini! Hata bata angewaacha!"

"Wewe si ndiye uliyeandika saa?" Ndugu Kagaruki akafoka.

"Ni saa lakini si saa!"

"Basi ungeandika kwamba si saa!"

Bibi Kokubanza alishuka na tenga lake akisema kwamba yeye hakusoma lakini kasia aliomba. Ndugu Kagaruki akashuka pia, haraka, kabla habari haijashuka mbele yake. Abiria wakatawanyika wakicheka, na hakuna aliyemcheka Karugendo, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kimeona nne na kuitika saa kumi.

Lukmani akawa anakwangua rangi kwa wembe. Mume wangu alikuwa ufukoni anafunga kamba. Nikamsogelea fundi.

"Fundi," nikasema, "mtu mwenye masikio angejua."

Wembe ukasimama. Hakujifanya haelewi, na kwa hilo namheshimu hadi leo. "Alikuja kwangu mwaka jana, pistoni zilipoungua," akasema. "Aliniambia injini ililia mpaka ikafa na yeye hakuisikia. Nilimpeleka kwa daktari. Daktari akasema ni kelele za bomba la moshi, miaka mingi, masikio hayaponi tena. Ndipo akaniomba saa. Kijiji kinadhani imeletwa na wakubwa. Aliomba yeye. Alisema, kama masikio yamekwisha, macho bado yapo."

"Na mimi? Kwa nini hakuniambia mimi?"

Lukmani akatazama wembe wake. "Alisema ukijua utalia, na ukilia ufukwe wote utajua. Samahani, dada, ni maneno yake."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa, maana ni kweli. Sauti yangu inajulikana mpaka visiwani.

Lukmani akapiga mstari mpya kwenye kumi, akasema mtu anayeitazama sindano kwa macho yale hataua injini hata miaka kumi, akaenda kutafuta chai. Karugendo akarudi ndani ya mashua akijifuta mikono. Nikamshika kidevu, nikamgeuza uso unielekee.

"Husikii," nikasema.

Akautazama mdomo wangu. Akavua kofia. "Nani amekwambia?"

"Injini."

Akakaa kwenye ubao, mdogo kuliko alivyokuwa asubuhi. "Sauti nzito nazisikia kidogo, kama mtu anayesemea mtungini. Yako ilipotea kwanza. Ni nyembamba."

"Nyembamba! Mimi?"

"Kwa masikio haya."

Basi nikasema, kwa kuwa sikutaka kuanza upya na uongo, "Leo nilikuwa nakukimbia."

"Nini?"

"Na-ku-ki-mbi-a. Naenda kwetu. Sirudi. Nilikwambia mlangoni."

Akaugeukia mzigo. Akaona mkono wa sufuria umechungulia kwenye blanketi, akaelewa, kwa sababu na yeye ni Mhaya. "Kwa mashua yangu?" akauliza.

"Kwa mashua yako."

"Na nimekubebea mzigo."

"Umenibebea. Na ubao ukanipangusia."

Hakucheka. Nilidhani atacheka. Macho yake yalikuwa yamenikaa mdomoni kama mtu anayesoma barua ya mahakama. "Nilikosa nini?" akauliza.

Jibu lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lilikuwa neno moja, nilikuwa nimelibeba tangu mwezi wa pili, na angelisoma bila shida. Nikamwangalia yule mtu aliyelia Ijumbi mpaka akashikwa na wanaume wawili. Kama angejua alichonijibu siku ya Verdiana, angelisikia neno lake kila siku ya maisha yake, yeye asiyesikia kitu kingine.

"Nilikuita kula," nikasema polepole, midomo wazi. "Mara tatu. Hukuja."

Akanikodolea macho. "Chakula?"

"Chakula."

"Unaacha ndoa ya kanisani kwa sababu ya chakula?"

"Ndizi zilipoa," nikasema.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, mpaka mashua ikatikisika, mpaka Lukmani akachungulia na kikombe chake cha chai kuona kuna nini. Kisha akauchukua mzigo wangu na kuusukuma chini kabisa, nyuma ya tangi la mafuta, ambako mtu hautoi bila spana.

Hadi leo anaisimulia. Anawasimulia wakwe, anamsimulia padri, amemsimulia hata mkwe wetu aliyemwoa Jovita. "Mke wangu huyu," anasema, kwa sauti kubwa ya viziwi, "alitaka kunoba kwa sahani ya ndizi!" Watu wanacheka, halafu wananigeukia wanangoja nimjibu, maana mdomo wangu wanaujua. Mimi nawapakulia tu.